Sauti Si Dosari ya Bidhaa

Wewe ulisikia. Usijitie hamnazo.

Ulikuwa jikoni kwako, kitunguu kimeshaanza kuiva, ukachukua kopo la nyanya na kulifungua. Kabla nyanya hazijafika sufuriani, mtu akasema kutoka ndani ya kopo, kwa sauti ya kawaida kama ya mtu anayeulizwa saa, "Mlango wetu unafungwa kwa nje." Ukakoroga. Ukaongeza chumvi. Mtoto alipouliza nani ameongea, ukamwambia ni jirani. Halafu, kwa kuwa wewe si mtu mbaya, na watu wasio wabaya ndio wengi na ndio wanaoyaacha haya yaende, ulipopata nafasi ukapiga namba iliyoandikwa kwenye lebo. Simu ikapokewa na mwanamke aliyekuambia samahani. Ukaridhika. Ukala.

Mwanamke huyo alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini kazini walimwita Samahani, kwa kuwa ndilo neno aliloajiriwa kulisema. Dawati lake lilikuwa ghorofani, karibu na dirisha linaloangalia maegesho ya malori. Kiegemeo cha kiti chake kilikuwa kimevunjika na kufungwa kwa utepe wa katoni. Kila asubuhi aliweka chupa ya chai miguuni, mahali ambapo haitaimwagikia kompyuta, akavaa hedifoni, na kuanza kuomba radhi kwa mambo ambayo hakuyafanya.

Kompyuta ilimpa nafasi za kuweka malalamiko: kutu, kuvimba, uchachu, kitu kigeni. Makopo yalipoanza kuongea alikwama, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuweka sauti. Akamgeukia mwenzake wa dawati la jirani, aliyeshughulikia malalamiko ya maduka. Huyo waliyemwita Shemeji hakuwa ameoa dada wa mtu yeyote pale ofisini, ila aliwaita wote mashemeji ili wamwonee haya wanapotaka kumtuma.

"Shemeji, sauti ya mtu naiweka wapi?"

"Ilikuwa ndani ya kopo?"

"Ndani kabisa."

"Na sisi tunauza nini?"

"Nyanya."

"Basi hiyo si nyanya. Kitu kigeni."

Kwa hiyo sauti za binadamu zikawekwa kwenye kitu kigeni, pamoja na vijiti, kucha na kipande cha glovu. Simu ziliendelea kuingia na Samahani aliendelea kuzipokea.

"Kopo langu linaumwa mgongo," alisema mama mmoja.

"Samahani kwa usumbufu, mama. Lilikuwa limebonyea?"

"Halijabonyea. Linasema linaumwa mgongo."

"Nimekuelewa, mama. Tutakutumia jingine."

"Na hilo jingine likiumwa?"

"Utatupigia tena, mama."

Sauti ziliingiaje koponi ni jambo ambalo halikumsumbua mtu, maana lilieleweka. Huko zinakosindikwa nyanya palikuwa na msimamizi mwenye filimbi, na kuongea kulikatazwa. Anayeongea alipigiwa filimbi, na aliyepigiwa filimbi alibaki amesimama wenzake wanapokula. Sasa, wale wanaokaa mwisho wa mstari, kabla mashine haijashusha kifuniko, ni lazima wainame juu ya kopo kutazama kama ganda la nyanya limenasa ukingoni. Kwa muda huo mfupi mdomo wa mtu hauonekani. Yale yote ambayo mtu angeyasema tangu asubuhi aliyasema hapo, kifuniko kikashuka, kopo likaenda. Hawakuwa wanamtumia mtu ujumbe. Waliongea tu, kama anavyoongea aliye peke yake. Na bati linaloweza kuhifadhi nyanya miaka bila kuharibika, kwa nini lishindwe na maneno?

Ndivyo ilivyokuwa, na Samahani angeendelea kuomba radhi hadi kustaafu kama si makopo yaliyobonyea.

Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua makopo yaliyobonyea, kwa kuwa hayauziki. Samahani aliyapeleka nyumbani kwa mama yake, ambaye alikuwa akiishi naye katika vyumba viwili tangu mdogo wake alipoondoka. Mdogo wake huyo alikuwa kitindamimba, na wote walimwita Kitinda. Alikuwa ameondoka na wakala aliyemwahidi kazi ya bustani kwenye hoteli. Siku ya kuondoka alivaa shati la kupiga pasi na kumwambia dada yake asilie, maana haendi vitani. Alipiga simu mara moja kutoka njiani. Tangu hapo simu yake ikawa haipatikani, na mama alizoea kumwambia kila anayeuliza kwamba Kitinda hana chaji.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi mchana. Samahani alikuwa anafua uani. Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, kopo lililobonyea katikati ya magoti yake. Alilitoboa kwa kisu, akakizungusha, na Kitinda akaongea.

"Mimi Kitinda. Wakala amechukua vitambulisho vyetu. Tunalala humuhumu kiwandani, mlango unafungwa kwa nje. Dada, tafadhali, mama asijue."

"Nimeshajua," mama akaliambia kopo. "Na hiyo sauti mbona imekauka hivyo? Umekula?"

Kopo halikujibu, kwa sababu kopo husema mara moja tu likishafunguliwa. Samahani alikuwa amesimama mlangoni, sabuni inamchuruzika mikononi. Alikuwa amesikia. Neno lililomtoka ni lile lililozoea kumtoka.

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Ni wewe uliyemfungia?"

"Nafanya kazi kwa waliomfungia."

Mama akamimina nyanya kwenye bakuli, akazifunika kwa sahani kama mtu anayemwekea mwingine chakula chake. Akafuta kisu kwa kanga.

"Basi Jumatatu uwaambie wafungue," alisema.

Jumatatu Samahani alikwenda kwa mkuu wa idara ya maadili, kijana mpole aliyevaa tai hata siku za joto na ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Maadili. Ukutani kwake palikuwa na bango lenye picha ya mnyororo uliokatika. Alikuwa akiandika tamko la mwaka, lile linaloeleza kwamba hakuna mtumwa mahali popote katika shughuli za kampuni, na alikuwa amefika kwenye neno "popote". Samahani aliliweka kopo tupu mezani, akaeleza alichosema mdogo wake, hakuacha neno.

Bwana Maadili alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, alisomea.

"Pole sana, dada. Uliripoti?"

"Niliripoti. Liko kwenye kitu kigeni."

"Ndiyo, nimeona kitu kigeni kimepanda mno msimu huu. Tumeshauri wabadilishe chekeche."

"Mdogo wangu hapiti kwenye chekeche. Nataka kujua kiwanda kiko wapi, nikamchukue."

"Hiyo ni siri ya biashara."

"Ni ndugu yangu, tumbo moja."

"Nakuelewa. Lakini hata mimi sijui kiko wapi."

Hakudanganya. Kampuni haikuwa na kiwanda. Kampuni ilikuwa na mzabuni, mzabuni alikuwa na mzabuni mdogo, mzabuni mdogo alikuwa na wakala, na wakala alikuwa na ufunguo. Kila mmoja alimjua aliyefuata tu, na alitia sahihi kwamba huyo ni mtu mwema. Ulikuwa mpango mzuri, na haukubuniwa jana. Wenye kumbukumbu wanajua kwamba waliofungiwa huko zamani waliitwa mali. Baadaye, wakubwa walipoona neno hilo linanuka, wakawaita vibarua wa mkataba. Siku hizi wanaitwa nguvukazi ya mzabuni. Jina linabadilika kila mara wakubwa wanapobadilisha samani za ofisi. Mlango haujawahi kubadilishwa, hata bawaba ni zilezile.

Bwana Maadili alitimiza wajibu wake. Akamtuma mkaguzi. Mkaguzi hakujua njia, kwa hiyo mzabuni alijulishwa mapema ili atume gari la kumchukua. Alirudi na picha. Palikuwa na vitanda vilivyotandikwa, na juu ya kila mto pipi moja. Mlango ulikuwa wazi, na kufuli halikuonekana popote, kwa kuwa lilikuwa mfukoni mwa mtu aliyeishika kamera. Mkaguzi aliwapanga wafanyakazi mstari, msimamizi akiwa kando na filimbi yake shingoni, akauliza kwa sauti ya upole kama kuna yeyote mwenye lalamiko. Katika nyumba ambayo kuongea kumekatazwa, hakuna aliyeongea. Mkaguzi akaandika: hakuna malalamiko. Hakuwa mwongo, na hilo ndilo baya lake.

Kwenye picha moja, nyuma ya mabega ya watu wengine, Samahani aliona sikio. Alilijua. Alikuwa amelivuta mara nyingi walipokuwa wadogo.

Akalichukua kopo akaenda polisi. Askari wa kaunta alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, na alitoa kalamu kabla hajaombwa.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Mdogo wangu. Alilalamika humu."

Askari aliinama akachungulia kopo. "Limeshafunguliwa."

"Lilifunguliwa na mama. Alisikia, na mimi nilisikia."

"Mama siyo mlalamikaji. Mlalamikaji aje na kitambulisho."

"Kitambulisho kimechukuliwa na wakala. Ndilo lalamiko lenyewe hilo."

"Basi bila kitambulisho siwezi kuandika lalamiko."

"Na bila lalamiko, nani atamrudishia kitambulisho?"

Askari aliuwazia mzunguko huo kwa heshima, kama mtu anayetazama gurudumu zuri likizunguka. Kisha akafunika kalamu. "Dada yangu," alisema, "hapo ndipo sheria ilipofika. Ikisogea nitakuita."

Samahani alirudi kazini. Alivaa hedifoni. Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja aliyesema kopo lake limetaja jina la kijiji na kuuliza kama huko mvua imenyesha. Alifungua mdomo aseme samahani na neno likakataa kutoka. Lilikuwa limekwama kooni kama mwiba wa samaki. Akalimeza.

"Kopo lako lina mtu, baba," alisema. "Usilitupe. Lirudishe dukani, mwambie muuzaji: hili lina mtu."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Halafu usiondoke mpaka akujibu."

Akasema hivyo kwa aliyefuata, na kwa aliyefuata huyo. Shemeji alisikia kutoka dawati la pili, akasogeza kiti chake ili bosi akipita asimwone Samahani usoni. Ikawa watu wanaingia madukani na makopo mikononi, wanasema, "Hili lina mtu," kwa sauti ya mtu anayesema mkate huu umeota ukungu. Wenye maduka waliyaweka nyuma, wakayapanga, wakampigia Shemeji. Shemeji alipoulizwa aandike nini kwenye sababu ya kurudisha mzigo, aliandika: lina mtu. Malori yaliyokuwa yakitoka yamejaa yakaanza kurudi yamejaa. Kutoka dirishani Samahani aliyaona yakipanga foleni.

Hapo kampuni ilishtuka. Walikutana, wakaleta wanasheria, na mwisho wa siku wakapata dawa. Walibadilisha lebo. Chini ya picha ya nyanya yenye umande iliongezwa mistari miwili: "Sauti si dosari ya bidhaa. Kwa matokeo bora, fungua kopo maji ya bomba yakiwa yanatiririka."

Na wewe ukaisoma lebo, ukapumua. Ulikuwa ukingojea mtu mwenye mamlaka akuambie si kosa. Biashara ilirudi palepale. Watu walizoea, maana hakuna kitu binadamu anachokizoea upesi kama kilio cha mwingine. Kulikuwa na bwana mmoja mpweke aliyeanza kununua makopo mengi kuliko awezavyo kula, kwa ajili ya kupata mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Mama mmoja alisema watoto wake wanalala vizuri wakisikia makopo ya mwanamke anayetaja majina ya wadogo zake.

Nyumbani, mama wa Samahani hakufungulia bomba. Alifungua makopo yote yaliyobonyea aliyoletewa, moja baada ya jingine, akiwa ameinamisha sikio. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuongeleshwa asijibu, aliyageuza yakiwa matupu, akayaelekeza mdomoni, akaongea ndani. Alimfokea Kitinda kwa kupanda gari la mtu asiyejua kwao. Alimwambia paa limezibwa. Kisha aliukunja mdomo wa kopo kwa jiwe ili maneno yasimwagike, akalitupia kwenye gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alipita na mkokoteni wake akichukua bati kwenda kuyeyushwa na kufanywa makopo mapya.

Haikuchukua muda mrefu. Alasiri moja kopo likasema: "Mama, nimesikia. Nimekula, ila kidogo. Usinifokee mbele ya watu."

"Watu gani?" mama akauliza, na kopo lililofuata likamjibu. "Shikamoo mama. Sisi tulio na Kitinda. Kopo lako lilipopita kwenye mstari sote tulikusikia. Na mimi nifokee."

"Marahaba," mama akasema. Akafikiri kidogo. "Wewe nawe, nani alikutuma?"

Akawafokea wote, kila mmoja kwa zamu yake. Majirani waliposikia walileta makopo yao, wakakaa ukumbini wakisubiri, na aliyetambua sauti ya wake alisogezewa kigoda. Msusi wa pale mtaani alimpata mumewe aliyedhani amemkimbia. Alimsikiliza hadi mwisho, akakunja mikono, akasema, "Na mimi niliyekutukana kwa mama yako muda wote huu." Kisha akaomba aachiwe kopo tupu.

Ulipofika mkutano mkuu wa wenye hisa, Samahani alikopa mkokoteni wa yule mnunuzi wa vyuma, akaujaza makopo ambayo hayajafunguliwa na kuupeleka hadi ukumbini. Walinzi walimpisha wakidhani analeta chakula. Palikuwa na zulia, viti vyenye vifuniko vyeupe, na jukwaani alikaa mkurugenzi, mama mwenye sauti nzuri aliyekuwa akisoma tamko la mwaka. Alipofika kwenye neno "popote", Samahani alitoboa kopo la kwanza.

"Mlango unafungwa kwa nje," kopo likasema.

Akatoboa la pili na la tatu. Hakukimbia na hakupiga kelele. Alifanya kama afanyavyo mpishi mwenye watu wengi wa kulisha. Waliongea wenye migongo inayouma. Aliongea mmoja aliyekuwa amesahau sura ya mwanawe na kuomba mtu amkumbushe. Aliongea mwanamke aliyesema tu jina lake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwita kwalo kwa muda mrefu na alihofia litapotea. Wenye hisa walisikiliza kwa adabu. Mmoja alitoa leso.

Mkurugenzi akaondoa miwani. "Tumeguswa," alisema. "Wote naomba tusimame, tuwakumbuke hawa wenzetu kwa dakika moja ya kimya."

Wakasimama. Ukumbi ukatulia. Samahani alikuwa amebakiwa na kopo moja, akalitoboa.

"Msinyamaze," kopo likasema.

Dakika iliendelea mpaka ilipoisha. Wakakaa. Tamko lilipigiwa kura, likapita, na mkurugenzi aliwashukuru wote kwa uwazi. Kisha wakaenda kula, na mchuzi ulikuwa mwekundu.

Samahani alifukuzwa kazi kwa kosa la kufungua mali ya kampuni bila kibali. Aliondoka na chupa yake ya chai. Shemeji alimsindikiza mpaka getini. "Shemeji," alimwambia, "ningekuwa na dada ningemwozesha kwenu." Ndilo jambo zuri zaidi alilowahi kumwambia mtu.

Lakini kampuni ilikuwa imezoea simu zake. Miaka yote ile walirekodi maongezi yake, kwa ajili ya mafunzo, walisema. Wakayakatakata, wakachukua "Samahani kwa usumbufu", wakachukua "Nimekuelewa, mama", wakayaingiza kwenye mashine. Kwa hiyo Samahani alikaa nyumbani akichambua mchele, na sauti yake ikawa kazini, asubuhi hadi jioni, bila mapumziko ya kula, bila siku ya kuugua.

Mama alipiga namba ya kwenye lebo ahakikishe. Akaweka simu katikati yao, juu ya meza.

"Samahani kwa usumbufu," simu ikasema.

"Ni wewe mtupu," mama akasema.

"Mimi nimetoka, mama. Sauti ndiyo imebaki."

Mama akatazama ile simu, akatazama rundo la makopo karibu na ukuta. "Kumbe sasa wamenifungia wawili," alisema.

Kisha akaivuta simu karibu na mdomo, kama alivyovuta makopo. "Mwanangu wa humo ndani," alisema, "nisikilize. Mimi sikukuzaa uombe radhi kwa wezi. Kama wamekufungia, wamekufungia. Lakini kusema uongo, hilo nalo wamekulazimisha au umelizoea? Acha mara moja. Nisisikie tena."

Samahani alihisi kitu kooni, pale pale palipokuwa na mwiba, kikisogea.

"Sawa, mama," simu ikasema.

Aliyepiga baada ya hapo alikuwa mtu kama wewe, mwenye kopo na dakika chache za bure. Alisikia sauti ya mwanamke ikimwambia, kwa utulivu: "Nimekusikia. Samahani sikupi, kwa kuwa unaitumia kama kiberiti, ukishawasha unatupa. Kopo lako lina mtu. Una kalamu? Andika jina lake." Na ikamtajia jina, na kwao, na siku aliyoondoka na shati alilovaa.

Mafundi waliitwa. Walizima mashine, wakaiwasha. Walinunua mashine nyingine. Waliajiri mwanamke mwenye sauti kama asali, akarekodi samahani kwa kila namna, ya haraka, ya huzuni, ya kibiashara; siku ya kwanza mashine ilisema kama asali, na siku ya pili ikasema, "Lina mtu." Wakamrekodi Shemeji, akawa hivyohivyo, ila na utani kidogo. Katika tamko la mwaka uliofuata Bwana Maadili aliliandika kama changamoto ya kiufundi inayoendelea kufanyiwa kazi, chini ya bango lake la mnyororo. Hakuna anayeshangaa tena. Ukipiga namba ile leo, atapokea Samahani wa humo ndani.

Na mlango je? Mlango umefungwa. Kitinda bado yuko mwisho wa mstari, anainama. Wiki iliyopita alimwambia mama yake kwamba wameletewa msimamizi wa pili, naye ana filimbi, na kwamba anayeinama sasa anatakiwa kuziba mdomo kwa kitambaa. Maneno yanatoka yamefunikwa, inabidi usogeze sikio sana. Lakini yanatoka. Kuhusu kitambaa Kitinda alisema, "Wanadhani tunaongea kwa midomo."

Basi huruma yako baki nayo, huku ipo ya kutosha, inamwagika. Chukua kopo ulilonalo hapo ndani, usilifungue. Lipeleke lilikotoka. Ngoja foleni ijae, lifungue juu ya kaunta, watu wote wasikie, na muulize muuzaji nani alimuuzia. Akisema hajui, mwambie ampigie anayejua. Akikuambia usogee pembeni? Usisogee. Simama hapohapo. Anayejua naye aulizwe nani alimuuzia, na huyo naye, na huyo naye, mmoja baada ya mwingine, mpaka swali limfikie mtu ambaye akijipapasa mfukoni atagusa ufunguo. Watakuambia uje kesho. Kesho ndiyo mama yake Kitinda anayoingojea hadi leo. Watakuambia wewe ni mtu mmoja. Waambie na aliye koponi ni mtu mmoja.

Duka halijafungwa bado. Vaa viatu.